Landlodi wa Magongo Aliyejifanya Maiti

Jeneza lilipiga chafya saa nne asubuhi, hapa Magongo, mbele ya watu wazima.

Nyevu, jirani yangu anayeuza viazi karai, alikimbia akaacha mafuta yanachemka. Jiko nikalizima mimi. Lazima mtu mmoja abaki na akili.

Halafu nikaenda kumfokea mwanangu.

Ndani ya jeneza alikuwamo fundi Kitsao, mwenye karakana ya majeneza hapo jirani, pua imejaa vumbi la mbao. Mbele yake, simu mkononi, Lynnette wangu. Walikuwa wanarekodi filamu.

Ngoja niwaeleze. Kuna tamthilia ya zamani tuliyosomeshwa shuleni: mfalme anajifanya amekufa ili ajue nani anampenda. Mimi nilikariri dhamira, nikapata B, nikasahau yote. Darasani hakuna aliyecheka. Nani angethubutu?

Lynnette akamtoa mfalme ikulu, akamfanya landlodi wa Magongo. Wapangaji wanakuja matangani, wanajifuta machozi, kisha wanapima madirisha ya marehemu kama mapazia yao yatatosha.

Nilipoitazama nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Ndipo nikaelewa kitu ambacho ile B haikunifundisha. Yule mfalme hakuwa na hekima yoyote. Alikuwa mpumbavu aliyevaa taji.

Shida ikawa Mwalimu Bonface. Amefundisha fasihi miaka thelathini, sasa amestaafu na ndiye mwenyekiti wa kamati ya vijana kanisani. Lynnette aliomba nafasi chuoni kusomea filamu, na chuo kilitaka barua ya mtu kama yeye. Mwisho wa kuituma ulikuwa Jumatatu.

Mwalimu akasema haandiki neno mpaka filamu ifutwe.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ikaketi. Mwalimu akahutubia. Vichekesho vya simu ni kazi ya wavivu. Kumvisha mfalme kikoi ni kuitemea mate fasihi. Akaendelea hivyo hadi chai ikapoa.

Nikamuuliza kama ameitazama.

"Mama Lynnette," akasema, "uchafu hauonjwi."

Lynnette alikuwa ameinama, kidole kiko juu ya simu. Ninamjua. Dakika mbili zaidi angeifuta.

"Basi Mwalimu," nikasema, "tupe maneno yenyewe ya mfalme, tujue mtoto ameharibu nini."

Akasimama. Akavua miwani. Akatutazama kama sisi ndio tulioua.

"Nyumba nimeijaza watu," akasema, sauti inatetemeka, "na aliyekuja kunililia ni mbwa."

Mama mmoja nyuma akapangusa macho.

Nikatoa kitabu mkobani, kilekile changu cha shule, nikamwomba anionyeshe ukurasa.

Akafunua. Akafunua tena. Akarudi mwanzo.

"Hutauona, Mwalimu. Humo kitabuni hakuna mbwa."

Mbwa ni wa Nyevu. Siku ya kurekodi alijiingilia mwenyewe, akalia kando ya jeneza kwa sababu Kitsao alikuwa na mshikaki mfukoni. Lynnette akayatunga yale maneno papo hapo, amesimama kwenye vumbi la mbao.

Milcah, mke wa Mwalimu, akakohoa. Akasema kwa upole kwamba mzee ameitazama kwenye simu yake mara tatu, na mara ya tatu akapaliwa na chai.

Kamati nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kalamu.

Barua iliandikwa palepale, muhuri ukagongwa. Tulipofika nyumbani nikaisoma: "Binti huyu ameandaa kazi hii ya fasihi chini ya uelekezi wangu."

Lynnette akataka tuirudishe. Nikamwambia aitume haraka. Chuo kinataka muhuri, hakikuuliza nani mwongo.

Basi, wenzangu, mtu akidharau kichekesho mbele yenu, msibishane naye. Mwombeni ukurasa. Wengi wanaovilinda vitabu vya zamani hawajavifungua tangu mtihani. Mtoto anayekileta kitabu mtaani na watu wakacheka, huyo amekisoma.

Lynnette amepata nafasi. Na Mwalimu? Vijana kanisani sasa wanamwita dairekta wa filamu.

Anaitika.