Figa Alilofukia Beda

Jumatano, tarehe 18 Septemba 1974. Jua kali tangu asubuhi, mawingu hakuna. Saa nne upepo ulianza kupeperusha vumbi la uwanda wa Mkata na kulitia hadi kwenye sukari ya wageni.

Beda alikuwa akikaza kamba za hema la nne aliposikia Landrova ya Stefano ikirudi kutoka stesheni na magunia ya unga. Mwaka wa sita huo alikuwa mtu wa mahema katika kambi ile isiyokaa mahali. Nyati na pundamilia walifuata maji, nayo kambi iliwafuata. Madimbwi yakikauka, mahema yaling'olewa, yakapakiwa, yakasimikwa kwingine, ili wageni waliotoka mbali wawaone wanyama bila kwenda mwendo mrefu.

Msimamizi wao, Mzee Nikolaus, alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: kambi ikihama isiache alama. Mashimo yafukiwe, majivu yatawanywe, nyayo zifagiwe kwa matawi. Lakini wafanyakazi walikuwa na desturi yao, naye aliifumbia macho. Waliacha figa moja la jikoni, upande wenye masizi ukitazama kule walikoelekea. Mtu wa nyumbani akishuka stesheni ya Mkata na habari ya msiba au ya mtoto kuzaliwa, aliliangalia figa lile akajua njia.

Jumapili walipohama, mama mmoja mgeni alisimama kupiga picha mahali palipofagiwa. Jiwe jeusi lilikaa katikati kabisa. Beda aliliona linamharibia kazi. Akalitupa shimoni, akafukia, akafagia tena.

"Hapa hata nyati watadhani walituota," Nikolaus alimsifu mbele ya wageni, na Beda alifika kambi mpya na sifa hiyo kama mtu aliyevaa shati jipya.

Sasa Stefano alizima gari, lakini hakushuka.

"Nimemkuta mtani wako stesheni. Yule jirani yenu, Mwinshehe."

"Anasemaje?"

"Anakusalimu kwa matusi. Kakaa tangu Jumatatu mpaka jana pale tulipotoka, kalala mtini kwa kuogopa simba. Kazunguka, kazunguka, haoni kitu. Anasema nikwambie hata fisi huacha mavi, watu wakajua kapita."

Wapishi wakacheka. Beda naye alianza kucheka, kisha akaona Stefano hacheki.

"Alifuata nini?"

"Katumwa na mkeo, Gaudiosa. Kwenu Munisagara mnahamishwa, amri ya serikali. Ijumaa majina yanaitwa, kila kaya inaonyeshwa kiwanja chake kijiji kipya. Mwenye kaya asipokuwepo anawekwa mwisho, anapewa kilichobaki."

"Gaudiosa si yupo?" mpishi mmoja aliuliza. "Aitike yeye."

"Wamemkatalia. Orodha ina jina la Beda."

Beda hakuhitaji kuambiwa kitakachobaki. Viwanja vya juu, karibu na reli, vingekwisha mapema. Vingebaki vya chini, kando ya mto Mkondoa, ambako mwaka juzi maji yaliingia hadi kwenye vitanda. Mama yake, Bibi Hildegarda, hakuweza tena kutembea bila kushikwa. Mto ukija, Gaudiosa angembebaje peke yake?

Alimkuta Nikolaus akinoa kisu kwenye kiti chake cha turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeshasikia. Jumatatu ningekupa ruhusa bila neno, wageni wa Jumapili walikuwa wameshaondoka, kambi ilikuwa tupu. Wageni wameingia jana, kumi na wawili. Nyati wakihama kesho kutwa, nani atang'oa mahema?"

"Jumatatu sikujua, mzee."

"Kwa nini hukujua, na mtu wako alikuja?"

Beda alitazama chini. "Nililifukia figa."

Nikolaus aliacha kunoa. Alikilaza kisu magotini, maana sifa za siku ile alizitoa yeye. Lakini aliposema, hakugusa hilo.

"Ukienda nitatafuta mwingine. Siwezi kukushikia nafasi."

"Nimesikia, mzee."

Alirudi kwenye kamba zake. Hema la nne alilikaza mara tatu, na bado aliliona limelegea.

Alhamisi asubuhi Beda alipeleka maji ya moto mbele ya kila hema kama kawaida. Kisha alikunja aproni yake, akaiweka kwenye kiti cha Nikolaus, akashika njia ya kaskazini. Kwenye kambi ya zamani alikuta maganda ya karanga chini ya mkwaju, hapo Mwinshehe alipokuwa amekaa. Alipiga magoti akafukua kwa mikono hadi akalipata figa, kwa kuwa wapishi nao walikuwa na watu nyumbani. Akalisimamisha, upande wa masizi ukitazama kusini, akajipangusa vumbi, akaendelea kwenda stesheni. Treni ya Kilosa ilipita Mkata saa kumi, naye akaipanda kwenda kwao.