Baba Momanyi Hakuona Kitu

Baba Momanyi ametuacha. Jana jioni, presha, hospitalini Kisii, na mimi nimeketi kwa cherehani nikijua kesho anarudi nyumbani.

Habari zenu. Nisameheni, salamu imekuja nyuma ya habari.

Kwa wasiomjua, ni korera wangu: baba mkwe wa binti yangu Moraa. Yule mwenye shamba la chai pale kona ya Birongo.

Moraa mnamjua, maana nisipomtaja hapa siku mbili mnaniuliza kama tumekosana. Ndiye yule wa duathlon. Unakimbia, unapanda baiskeli, unakimbia tena. Hakuna mtu anamlipa. Anatoka ofisini Nyamira, anabadilisha viatu, anapotelea barabarani.

Mashindano ya kwanza ya msimu, mvua ndiyo inaanza, baiskeli zilipangiwa kupita Birongo. Mbele kabisa ya boma la wakwe zake.

Sisi Wagusii tuna ensoni, ile haya ya kuheshimiana na wakwe. Mzee na mkamwana wake hawapeani hata mkono. Sasa huyu apite mbele ya baba mkwe na ile kaptula ya kubana?

Nikasema, fundi wa nguo Masimba ni nani kama si mimi. Nikamshonea sketi ya kuvaa juu yake, rangi ya machungwa, ndefu, pana, yenye heshima. Nikaweka picha hapa. Mlinisifu, na kila comment niliijibu.

Moraa aliniambia, "Mama, hii itaingia kwa mnyororo."

Nikamwambia, "Nimevalisha kwaya tatu. Wewe utanifundisha sketi?"

Ile video yangu mnaikumbuka. Moraa anatokea kwa kona, yuko wa tatu, mimi napiga vigelegele, halafu video inakatika. Mkaniuliza kama bundles zimeisha. Nikasema ndiyo.

Haikuwa bundles. Sketi iliingia kwa mnyororo. Baiskeli ikasimama, Moraa akaanguka, na kitambaa kikapanda mpaka kiunoni. Mbele ya wakwe. Mimi nilizima simu nikaingia katikati ya majani chai kama mtu anayetafuta kuku wake.

Kutoka huko nikamwona Baba Momanyi anakuja na panga la kukatia ng'ombe nyasi. Nikajua leo tumekwisha.

Alikuja kinyumenyume. Mgongo ndio ulimfikia Moraa kwanza.

"Mkamwana, mnyororo uko upande gani?"

"Kulia, Baba."

Akachuchumaa, uso ameelekeza kilima cha ng'ambo, mkono unapapasa nyuma, akaanza kukata sketi yangu vipande vipande. Jirani mmoja akamwambia, "Wewe mzee, utamkata mtoto wa watu mguu. Angalia unachofanya."

"Nikiangalia ndipo nitamkata," akasema.

Alipomaliza akasema, "Enda sasa. Mimi sijaona kitu."

Moraa akapanda akaenda na kaptula yake mbele ya ukoo mzima. Mzee alibaki akiangalia kilima mpaka sauti ya tairi ikaisha. Mtoto alimaliza wa tano. Bila sketi yangu angekuwa wa tatu, sasa mnajua.

Tangu siku hiyo tukikutana ni wimbo mmoja. "Korera, ile sketi ilikuwa ya rangi gani? Mimi sikuona kitu." Anacheka mpaka anashika kofia.

Na leo asubuhi, hata hatujamzika, pale stage ya Masimba, mbele ya cherehani yangu, namsikia mama mmoja: "Mzee ameona paja la mkamwana, ungetaka apone aje?" Mwenzake akajibu, "Ensoni haichezewi."

Mimi, na huu mdomo wangu mnaoujua, niliinama nikajifanya natia uzi kwa sindano. Uzi ukakataa kuingia.

Hayo maneno yalifika Nyamira haraka kuliko baiskeli. Mchana Moraa akanipigia. Haji kuzika. "Mama, nitasimama wapi? Watakuwa wananiangalia miguu."

Mkamwana wa boma akose kwa kaburi la baba mkwe. Hilo halifutiki. Watoto wake wataulizwa nalo wakiwa wazee.

Kwa hivyo nasemea hapa hapa, mahali niliposifia ile sketi. Presha alikuwa nayo kabla Moraa hajaolewa. Aliyeleta aibu pale kona ni mimi na kitambaa changu. Na ensoni si urefu wa nguo. Mimi niliiona ikija kinyumenyume na panga mkononi.

Kile kitambaa Baba Momanyi hakukitupa. Alikifunga kwa mgomba uliokuwa unaegemea barabara, akasema msimu ujao mtoto ajue pa kupunguza mwendo. Kila nikipita hapo nilikuwa naangalia upande mwingine.

Moraa, najua unasoma. Nakushonea sketi nyeusi, na hii nimeipima mbali na mnyororo. Ukitaka kuja na baiskeli, kuja nayo. Mama mkwe wako amesema utasimama kando yake, na mtu asimwambie kitu.

Genda buya, nenda vyema, Korera. Shingo yako ipumzike sasa, hakuna tena wa kukufanya uangalie kilima. Lala salama, wewe uliyejua kufumba macho wakati wa kufumba.

Nyinyi wengine mkifika Birongo msiulize mtu njia. Angalieni mgomba uliofungwa kitambaa cha machungwa pale kona. Ni kazi ya mkono wangu. Geukeni hapo.

Mazishi ni Alhamisi.