Mbwa Mwenye Jina la Baba Mkwe

Juzi nilikuwa barazani kwa fundi wa nguo, karibu na soko la hapa Gisenyi, nikingoja suruali yangu. Akaja mama mmoja na kikwembe kilichochanika pindo.

"Mama, tena?" fundi aliuliza.

"Tena. Ile mutoto ya imbwa! Kila mangaribi nikitoka shamba ananirukia, anavuta nguo. Nikikimbia, anazidi."

"Umuite jina, umukaripie."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. "Siwezi, fundi. Ni jina ya baba mukwe."

Mbwa huyo mumewe alipewa na mzungu aliyerudi Ubelgiji, naye mbwa akaja na jina lake tayari, lile lile ambalo padri alimbatiza nalo mzee, baba wa mume. Na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata kwa mbwa.

Fundi akasimamisha cherehani, akafikiri.

"Bon. Basi usiseme kitu. Na usikimbie. Simama kama muti, umupe mugongo mpaka atulie."

Jana nilirudi kwa suruali ile ile, maana ahadi za mafundi mnazijua. Nikamkuta mume wa yule mama, ameshika kaptula iliyoraruka nyuma.

"Kwa bibi yangu anatulia kabisa," alilalamika. "Mimi ninamuita jina kwa nguvu, yeye anaruka tu!"

"Bibi yako akufundishe kunyamaza," fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Nimewahi kuandika katika safu hii kwamba mwiko ule unawaonea wake zetu. Sikuwa nimezifikiria kaptula za waume.