Bubu Aliyeandikwa Mpiga Kelele

Harufu ya majani ya maharage yaliyolowa umande inanikera hadi leo, na mimi ni mkulima wa maharage. Nikiisikia tu, naliona darasa letu la tano, katika kijiji kimoja kati ya Kasulu na Kibondo, kuta za matofali ya udongo, na juu ya meza ya mwalimu karatasi yenye kichwa cha Kiingereza: Noise Makers. Mwalimu akitoka, kiranja anabaki akiandika wapiga kelele. Ukicheka, jina. Ukiomba kifutio, jina. Ukibisha, jina lako linaandikwa mara mbili. Kitabuni noise maker ni mtu wa kelele. Kwetu sisi alikuwa mtu wa kwenda kupalilia maharage ya Mwalimu Kalisto.

Namtaja, wala siombi radhi. Kalisto alikuwa na shamba nyuma ya nyumba za walimu, na adhabu ya aliyeandikwa ilikuwa jembe. Kiangazi darasa letu lilikuwa tulivu, karatasi ina majina mawili matatu. Palizi ikifika, ghafla sote tunageuka watu wa vurugu. Ezekia kiranja, naye namtaja, alikuwa akiambiwa wanahitajika wangapi, basi anajaza. Sisi ambao wazazi wetu walikimbia kutoka Burundi ndio tuliotangulia kuandikwa, maana nani angekuja kututetea?

Asubuhi moja Ezekia akasoma orodha mbele ya Mwalimu Kalisto, na jina la saba likawa Nestori. Nestori, mtoto wa jirani yetu, alikuwa bubu na kiziwi tangu kuzaliwa. Darasa zima tukaangua kicheko, na yeye akacheka kwa kuona tunacheka. Halafu Ezekia akamwashiria kwa kidole, nikamwona anainuka kwenda kuchukua jembe. Hapo nikasimama.

"Mwalimu, huyu kelele kaipigia wapi?"

"Kaa chini, wewe."

"Nitakaa, mwalimu. Lakini sema tu magugu yamekuzidi, tuje tukusaidie. Bubu wa watu usimsingizie."

Hakunichapa. Alinirudisha nyumbani, nisikanyage pale bila mzazi, akasema mimi ndiye mkuu wa noise makers wote.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, ameegemea mpini wa jembe. "Mwana wanje, umesema kweli," akaniambia. "Lakini sisi hapa tumepokelewa. Aliyepokelewa hapigi kelele." Hakwenda. Alingoja mambo yapoe, nami nikangoja, wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwaka. Wenzangu walipofanya mtihani wa darasa la saba mimi nilikuwa bondeni nalima. Wanasema mwenye nguvu mpishe. Mimi nasema methali hiyo aliitunga mwenye nguvu. Baba simlaumu sana, alikwisha kufukuzwa mara moja maishani mwake. Kalisto namlaumu. Alizeeka akiitwa mwalimu mzuri, mkali kidogo tu, na waliomsifu ni wale ambao hawakupalilia.

Siku hizi nina kitambulisho cha uraia na nina mjukuu darasa la tano. Msimu huu alianza kurudi na udongo kwenye kucha. Nikamuuliza, akasema wameandikwa wapiga kelele. Nikaenda kikao cha wazazi, nikauliza mbele ya wote: kwa nini watoto wamekuwa wakorofi palizi ilipoanza, na shamba wanalopalilia ni la nani? Mwenyekiti, kijana mwenye simu mbili, akacheka. "Bibi nawe, acha vurugu. Tuendelee na ajenda."

"Ajenda ndiyo hii, mwanangu. Baba yangu alipokelewa hapa. Mimi nimezaliwa hapa. Jibu."

Mama mmoja nyuma akaguna, "Ajibu, kweli." Mwingine naye akadakia. Walimu wakatazamana. Jibu sikupewa, na chai ya kikao walinipita nayo kama hawanioni. Lakini Jumatatu mjukuu wangu alirudi na daftari limejaa hesabu, mikono misafi. Zamani swali moja lilinigharimu shule nzima. Safari hii limenigharimu kikombe cha chai. Kwa bei hiyo, nitauliza kila kikao.