Mkono Mkavu

Chini ya daraja letu la Bosnia hakuna tena sauti ya maji. Kampuni ya umeme imeutia mto ndani ya bomba. Mlinzi wa mto alivua kwa chambo cha nzi bandia aliowafunga kwa unyoya wa jogoo, wala hakumshika samaki trauti kabla ya kulowesha mkono, asije akamchubua ute wa ngozi. Vuli hii, mto ulipokauka, aliwaokota samaki kwa ndoo, akilowesha mkono kila mara. Injinia Senad wa kampuni, glasi ya rakija, pombe kali ya matunda, mkononi, akamnyanyua mmoja apigwe picha.

"Lowesha mkono, mbwa wee!"

"Tulia, mzee. Huyu keshakufa."

"Anahema!"

Mkono uliomzaba injinia kofi ulikuwa umelowa. Mlinzi yuko rumande mjini, siku ya kumi na moja leo.