Mistari Miwili Juu ya Msalaba wa Yona

Harufu ya kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi, hunipata kabla sijaingia ghalani. Ni kali, hukaa kooni kama pilipili iliyoungulia jikoni, na kwa watu wengi hapa Liuhua, mtaa wa wafanyabiashara jijini Guangzhou, maana yake ni moja tu, kwamba mzigo unakaribia kuondoka. Mimi hunikumbusha mti mwembamba unaochomwa kwa msumari wa moto. Juzi nilikuwa nimechuchumaa kati ya maboksi yangu ya viatu, nikiyahesabu mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza huwa nahesabu kwa furaha tu. Nikainua macho, nikakuta mnyama ananitazama. Alikuwa kulungu wa sponji ngumu, mkubwa kuliko mbuzi aliyeshiba, mkia wake mweupe umesimama wima. Kijana wa ghala alinieleza kwa simu ya kutafsiri na kwa mikono kwamba anakwenda Marekani, ambako watu humtumia kujifunzia shabaha ya upinde kabla msimu wa kuwinda kulungu wa kweli haujafunguliwa.

Nilimwambia kwamba aliyemtengeneza hajawahi kuwinda. Mnyama wa namna hiyo akiinua mkia ameshakuona, ameshakata shauri, na mshale utakaoutuma utakuta majani. Kijana akacheka, akaniita laoban, yaani bosi, akafungua kikokotoo. Alidhani natoa kasoro ili anipunguzie bei, na simlaumu, maana ndivyo anavyonijua. Lakini safari hiyo bei sikuihitaji. Nilimgusa kulungu nyuma ya bega la mbele, chini kidogo, na kidole kikapajua mahali penyewe bila kunisubiri. Nikakaa juu ya boksi. Nilikuwa nimerudi kwetu, upande wa Kondoa, katika kiangazi kile cha maharage.

Mvua zilikuwa zimekwisha mapema na vilima vyote vimegeuka rangi ya ngozi ya simba. Kilichobaki kijani ni shamba dogo la mama kando ya kijito, na pongo dume mmoja akaligundua. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, hutembea peke yake, hubweka kama mbwa, na mkia wake kwa chini ni mweupe kama pamba. Yule wetu alikuwa na adabu za ajabu. Alikula vikonyo vichanga vya mstari mmoja, akahamia wa pili, akaonja, akahamia wa tatu, kama mteja anayejaribu viatu vyote dukani na hanunui hata kimoja. Kila asubuhi mama alisimama shambani mikono kiunoni. Hatimaye Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, alikuja, akatazama nyayo na mashina yaliyokatwa, akamruhusu mjomba Samweli, kaka yake mama na mkubwa wa wawindaji wetu, amuue dume yule mmoja. Mwingine asiguswe.

Hapa lazima nieleze jinsi mambo yalivyokwenda kwetu, la sivyo hutaelewa kwa nini nilitoa kuku. Kwetu nyama haikuwa ya aliyevuta upinde. Ilikuwa ya mwenye mshale. Kila mwanamume alichoma alama yake kwenye mti wa mshale kwa msumari wa moto. Mjomba alikuwa na nukta tatu, na mwanawe Yona, binamu yangu aliyenizidi umri na kelele, alikuwa na msalaba. Mshale wa kwanza kutoa damu ulisema mnyama ni wa nani, na mwenyewe ndiye aliyegawa. Ukiazima mshale ukapiga nao, mnyama ni wa aliyekuazima, wewe unapewa kipande cha shingo na pongezi. Na nyumba isiyo na mshale ilisubiri kuletewa.

Yetu ilikuwa nyumba isiyo na mshale. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi machimboni. Upinde wake aliuacha nyuma ya mlango, na mama aliupaka mafuta kila mwezi kana kwamba ni mtoto, lakini mishale aliwaachia mashemeji, nao waliimaliza mmoja mmoja porini. Basi nyama ilitufikia jioni, imefungwa kwenye jani, mkononi mwa mtu aliyesimama mlangoni akisubiri shukrani yake. Mama alishukuru vizuri sana. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na shukrani ile ilinichoma kuliko njaa. Maharage yaliyomnenepesha pongo yalikuwa yetu. Nilitaka mara moja tu mama awe yeye anayefunga nyama kwenye jani na kuipeleka mlangoni kwa watu.

Kulenga nilijua. Baba alinifundisha kwa fimbo butu, kwa kufukuza nyani kwenye mahindi, na wavulana walipobiringisha matikiti pori mteremkoni niliyapiga kuliko wao. Walijitetea kwamba tikiti halikimbii kwa hiari yake. Nilichokosa ni mshale, na mwenye mishale mingi kuliko akili alikuwa Yona. Nilimkuta kibarazani kwao, mama yake akipepeta mtama. Alinisikiliza, akajinyoosha kama mtu mzima, akasema ataniazima mmoja.

"Siazimi," nikamwambia. "Nabadilisha. Nina kuku."

Alicheka mpaka Mama Yona akasimamisha ungo. Kuku mzima kwa mshale wa msichana. Akaingia ndani, akaniletea mshale mbaya kuliko yote aliyokuwa nayo, umepinda kama mkia wa nguruwe, unyoya mmoja umenyonyoka. Nikaugeuza huku na huku. Nikapumua kwa masikitiko. Nikamchukua kuku wangu, nikamweka kwapani, nikageuka kuondoka. Sikupiga hatua nyingi, akaniita, akaongeza unyoya mpya wa kanga na kipande cha kano ya kuufungia. Hiyo ndiyo biashara ya kwanza maishani mwangu, na tangu hapo sijaona sababu ya kubadili mtindo. Hapa Guangzhou wenye maduka huniita nikishafika kwenye ngazi. Yona aliniita nikiwa bado uani.

Nyumbani niliupasha mshale kwenye makaa, nikaung'ata kwa meno pale ulipopinda, nikautazama kwa jicho moja, nikaupasha tena. Ulinyooka. Ilibaki alama. Msalaba wa Yona ulikuwa umechomwa ndani sana, na mti ule ulikuwa mwembamba, ningeukwangua ungevunjika siku ya kazi. Basi nikapasha msumari moto, nikachoma mstari juu ya msalaba wake. Ule moshi, ndiyo ile harufu. Mstari ulitoka hafifu, sikuuamini, nikachoma wa pili kando yake. Hivyo ndivyo nilivyopata alama yangu, kwa kutoiamini ya kwanza.

Mjomba aliutazama mshale, akautazama upinde wa baba, akanitazama mimi. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote akikataza msichana kuwinda. Nadhani hakuna aliyekuwa ameulizwa. Wanaume wawili watatu walinung'unika, mmoja akataka kujua kama sasa wao watakwenda kuteka maji. Mjomba akamjibu kwamba maji yapo, aende. Akawapanga wote kando ya kichaka kikubwa ambako pongo alizoea kulala, Yona akampa mahali pazuri kuliko pote, na mimi akaniambia nikae nyuma ya kichuguu mwisho wa shamba la mama. Sumu ya kupaka kwenye chuma alininyima, akisema ile ni ya watu wazima. Maana yake nilikuwa na chuma kitupu. Nilipaswa kupiga karibu, na kupiga pale pale.

Alfajiri ilikuwa na baridi ya umande na harufu ya majani ya maharage, ambayo ni harufu mbichi yenye uchungu kidogo, kama mfuko wa sandarusi mpya. Nilikuwa na majivu kwenye kitambaa. Nikayapuliza, yakanirudia usoni. Vizuri, upepo ulitoka kwake kuja kwangu. Nikapuliza tena kuhakikisha, nikapiga chafya ndani ya khanga, nikajilaani kimoyomoyo. Kutoka kichakani, mbali, nikasikia mtu akikohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Yona hakuwahi kukaa kimya kwa muda wa kuchemsha chai.

Pongo alikisikia pia, kwa hiyo akaja upande wangu. Hakukimbia. Alitoka kijitoni akikanyaga polepole, maji yakimdondoka magotini, pembe zimesokotwa, shingo nene, ubavuni madoa machache meupe. Akala kikonyo. Akainua kichwa, akatazama kichuguu changu moja kwa moja. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Unatamani kuvuta upinde haraka kabla hajaondoka, na tamaa hiyo yenyewe anaiona. Nilimtazama kama kitu ambacho sikihitaji. Nilihesabu mistari ya maharage iliyokuwa kati yetu, nikairudia. Aligeuza shingo, akashusha kichwa, mguu wa mbele ukatangulia na bega likafunguka. Nikavuta mpaka kidole kikagusa shavu, nikaachia.

Ilisikika kama kofi kwenye gunia la mtama. Ndipo mkia uliposimama, mweupe, ukaruka mstari mmoja, wa pili, ukazama kichakani. Ubweko mmoja, kisha matawi, kisha hakuna. Nilikaa. Mjomba alikuwa amenionya kwamba ukimkimbilia mnyama aliyepigwa atakupeleka hadi wilaya ya pili. Nilikaa nikitazama jani moja la mharage lenye tone jekundu, na nikahakikisha ni damu, na nikahakikisha tena.

Aliyemfikia kwanza ni Yona. Pongo alikuwa amelala kwenye mchanga wa kijito, hakufika mbali hata kidogo. Nilipofika na mjomba na wale wengine, Yona alikuwa ameshachomoa mshale, ameuosha, anaupandisha juu watu waone. Chini ya masizi ya mistari yangu msalaba wake ulionekana wazi. Akatangaza kwamba mshale ni wake, aliniazima, ila anakubali kwamba nimelenga vizuri na shingo nitapata. Alisema hivyo kwa ukarimu kabisa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni tupu, na nikaona uso wake ukijiandaa, taratibu, kushukuru.

Nilisema kwamba tulibadilishana. Yona akasema msichana gani hubadilisha kuku mzima kwa mshale mmoja mbovu, hata wanaume hawafanyi hivyo. Wanaume wakaona ana hoja. Mjomba aliuzungusha mshale vidoleni muda mrefu, msalaba juu, mistari juu, msalaba juu. Ndipo Mama Yona akashuka kutoka njiani na kisu chake na kikapu, hajui kilichokuwa kikiendelea, na mjomba akamuuliza kama anamfahamu kuku wangu.

"Yule mwekundu? Si yuko kwangu, anaatamia," akasema. "Yona aliniambia amempata kwa mshale. Nikamwambia huyo mtoto amekuonea huruma."

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo kwa Yona lilikuwa baya kuliko kuchekwa. Mjomba akanipa mshale mkononi.

"Kuku yuko kwako, mshale uko kwake," akamwambia mwanawe. Kisha akanigeukia. "Mwenye mistari miwili, njoo ugawe."

Niligawa. Mguu kwa mjomba, ubavu kwa wale walionung'unika, ili wanung'unike wakiwa wameshiba, ini kwa Mama Yona kwa sababu ya ukweli wake. Yona nilimkatia mkia, ule mweupe, kisha mama akanikanyaga mguu, nikamwongezea paja la mbele. Jioni ile mama alifunga nyama kwenye majani, akajitanda khanga yake nzuri, akatembea nyumba hadi nyumba. Nilimfuata nimebeba beseni. Kila mlango walimwambia asante, naye kila mlango alijibu, "Si kitu," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayejua kabisa kwamba ni kitu. Bwana Nyama alipopita kukagua pembe, akauliza nani amepiga, akaonyeshwa mimi, akauliza tena. Nilimwelewa. Mimi pia ningeuliza mara mbili.

Leo siwindi. Kibali sina, upinde wa baba uko kwa mama nyuma ya mlango ule ule, na hapa Guangzhou kilicho karibu na pori ni mtaa wa Shisanhang asubuhi, wakati mikokoteni ya nguo inaposhuka bila kumwangalia mtu. Lakini kontena moja likipelekwa bandari ya Nansha hubeba mizigo ya watu wengi, na kila mfanyabiashara lazima awe na maki, alama ya kwenye boksi, ili kule linakoshushwa lisigombewe. Wengine huandika majina marefu, namba za simu, hata mistari ya Biblia. Mimi huvuta mistari miwili tu. Wapakiaji wanaijua, na sijawahi kupoteza boksi. Na anayepokea mizigo hiyo, akaisafirisha hadi Kondoa na kuiuza katika duka lenye picha ya kiatu mlangoni, ni Yona. Hakuna mtu ninayemwamini zaidi kwa vitu vyenye alama yangu. Alishajifunza.

Jioni ile ya kulungu wa sponji nilimtumia picha yake, kidole changu kiko nyuma ya bega. Akanipigia, nyuma yake wateja wakipiga kelele.

"Maboksi yote yamefika, dada, mistari miwili kila moja. Na huyo mnyama wako ni wa mwenye mshale gani?"

Nikamwambia huyo hana mwenyewe, bado hajatoa damu. Kisha nikamkumbusha, kama ninavyomkumbusha kila mzigo unapofika, kwamba siku ile nilibadilisha kuku peke yake, mayai aliyokuwa nayo tumboni hayakuwamo kwenye mapatano, na vifaranga wangu nawasubiri hadi leo. Akasema simu inakata. Ilikuwa haikati. Nilimsikia vizuri sana akicheka.