Nafasi ya Gita

Toleo la dilaksi halikupendwa. Nalisema mapema ili asije mtu akakaa hapa akingoja kuambiwa kwamba Kengele alipata umaarufu, akajenga, akahama mtaa. Hakuhama. Mpaka leo yuko palepale kwa dobi, meza ya pili kutoka mlangoni, ananyoosha mashati ya watu. Albamu yenyewe, ile ya kwanza, ilipendwa mno, ila kwa sababu ambayo hata adui yako usingemwombea. Tutafika huko.

Kengele si jina lake, ila nani analijua jina lake? Alipewa na kaka yake akiwa na miaka kumi na mitano, siku mwimbaji wa bendi alipovimba mashavu kwa matubwitubwi na shughuli ilikuwa saa tisa alasiri. Kaka ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi na mpiga gita. Akamtoa mdogo wake kwenye beseni la vyombo, mikono bado ina mapovu, akamwambia nyimbo anazijua na asijitie hajui. Kweli alizijua. Katika nyumba ya vyumba viwili ambamo mtu anapiga gita kutwa, hata paka anazijua.

Masharti yalikuwa mafupi. Unaimba beti mbili. Unarudi nyuma hatua mbili, unajifuta jasho, unaniachia. Gita litaongea dakika tatu au nne, kutegemea watu walivyochangamka. Ukilisikia linashuka, unarudi kwenye maiki, unamalizia. Hayo ndiyo mafunzo yote ya muziki aliyowahi kuyapata, na aliyatumia miaka thelathini na minane bila kuuliza swali.

Katikati ya miaka hiyo aliolewa na fundi saa, akazaa mabinti wawili, wakakua, wakaolewa. Fundi saa naye alihamia kwa mwanamke mwingine, kwa amani kabisa, bila kelele, akaondoka na pasi. Kengele anasema kilichomuuma ni pasi. Wiki iliyofuata akaenda kuomba kazi kwa dobi, kwa kuwa nguo zake mwenyewe zilikuwa zimejikunja na pale pasi zilikuwepo sita.

Shati lina utaratibu wake: kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, mwili mwishoni. Mkono ukishazoea, kichwa kinabaki hakina kazi. Kichwa cha Kengele kikaanza kutunga. Alikuwa akiandika nyuma ya vile vikaratasi vya kubandika namba za wateja, na kwa muda wa miaka kadhaa akawa na nyimbo kumi, zake, za kwanza maishani. Nyimbo zote za bendi zilikuwa za kaka, na zote zilimhusu mwanamume aliyeachwa, ingawa kaka mwenyewe hajawahi kuachwa na mtu yeyote. Mkewe yupo, wanawe wapo, mpiga ngoma ni yuleyule tangu enzi hizo.

Basi akampelekea kaka vikaratasi vyake, vimefungwa kwa mpira. Kaka alikaa navyo siku mbili. Akavirudisha, akasema, "Ziweke kwanza."

Akaziweka. Kwanza hiyo ilichukua miaka minne na haikupata pili. Siku moja kwenye mazoezi Kengele akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba anataka kutoa albamu yake mwenyewe, ya pop, ya hizi za kompyuta, na bendi ataendelea nayo kama kaka akitaka. Kaka alikuwa anakaza waya wa gita. Akaendelea kuukaza mpaka ukakatika. Akafungasha, akaenda nyumbani, na tangu hapo hakumsemesha tena dada yake.

Miezi saba, jamani. Na si kwamba walikuwa hawaonani. Kila Jumapili walikutana kwa mama yao, wanakaa kwenye kochi moja kwa sababu la pili lina springi iliyotoka, na mama akawa mkalimani. Kaka atasema, "Mwambie huyo nyota asogeze mguu." Mama anageuka: "Kaka yako anaomba nafasi kidogo, mwanangu." Kengele atasema, "Mwambie nimesikia, si kiziwi." Mama anageuka tena: "Dada yako anasema asante." Bibi huyo angefaa sana kwenye mikutano ya mataifa. Lakini Kengele akitoka pale analia njia nzima. Aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ni huyo. Aliyemtoa kwenye beseni ni huyo. Akawa anajiuliza kama nyimbo kumi zina thamani ya kupoteza kaka, na kesho yake anakwenda studio.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la vifuniko vya simu. Kuta zilibandikwa trei za mayai na godoro la zamani. Prodyuza alikuwa mtu mzima mpole, baba wa watoto wawili, ambaye ngoma, besi na kinanda chake vyote vinakaa ndani ya kompyuta moja, na hajawahi hata siku moja kurekodi mtu wa bendi. Hilo ndilo lililowaponza.

Kengele aliimba beti mbili. Akarudi nyuma hatua mbili. Akatoa leso, akajifuta jasho, akawa anatikisa kichwa taratibu, amefumba macho. Prodyuza akasubiri. Ngoma ya kompyuta ikawa inakwenda, tuku-tuku-tuku, haina mtu juu yake. Dakika tatu na nusu baadaye Kengele akarudi kwenye maiki na kumalizia, amefika palepale panapotakiwa, hakupishana hata nukta. Prodyuza akajisemea kwamba hawa wakongwe wana mambo yao, huenda ndiyo mtindo. Akauliza kama aache hivyo. Kengele akajibu kwa kushangaa: sasa apunguze nini?

Nyimbo kumi zikarekodiwa kwa siku sita, na zote kumi zina shimo katikati. Kengele alizisikiliza zote na hakusikia shimo lolote. Masikioni mwake gita lilikuwepo. Lilikuwepo miaka thelathini na minane, lingeondoka vipi kwa sababu tu mtu hayupo?

Aliyemfungua macho ni mwenye dobi. Siku albamu ilipotoka aliiweka kwenye spika dukani, pasi zote zikasimama kwa heshima, na baada ya beti mbili mwenye dobi akaenda kupigapiga spika. Akauliza mbona sauti imekata, au ni waya. Kengele akafungua mdomo kumwambia kwamba hapo ni nafasi ya gita. Hapo ndipo alipolisikia shimo. Akainamia shati la mteja, akalinyoosha kola mara nne. Aliona aibu ya kufa mtu.

Lakini dunia ina vituko. Washehereshaji wa harusi wakaipenda ile albamu kupita kiasi. Mshehereshaji shida yake kubwa ni muziki unaomwingilia. Hapa amepata mwanamama anaimba vizuri beti mbili, watu wametulia, kisha ananyamaza dakika tatu na nusu, ngoma iko chini kwa adabu, unatambulisha mashangazi, unatambulisha wajomba, unatangaza gari lililoziba njia, ukimaliza anarudi kuimba. Kila ukumbi ukawa nayo. Redio nayo ikawa inasomea humo matangazo ya vitambulisho vilivyopotea. Watu wakawa wanamsimamisha Kengele njiani kumsifu kwa kunyamaza kwake.

Prodyuza akaja na wazo la toleo la dilaksi. Jumapili ile mama alitaka kujua dilaksi ni mdudu gani, na Kengele akamweleza kwamba ni albamu ileile, ila imeongezwa vitu. Mama akasema kumbe ni gauni limeshushwa pindo. Akauliza wanaongeza nini. Kengele akajibu, bila kumtazama aliyekaa pembeni yake, kwamba washehereshaji wameomba kila nafasi iongezwe dakika mbili. Kaka aliinuka kwenye kochi, akaenda kunywa maji, hakurudi.

Jumamosi iliyofuata dobi alikuwa na mzigo wa vitambaa vya meza vya ukumbi mmoja wa harusi, na Kengele ndiye aliyepelekwa kuvifikisha, kabla ya saa nane. Akaingia kwa mlango wa nyuma na vitambaa mikononi mpaka kidevuni. Jukwaani ilikuwepo bendi. Bendi yao. Kwenye maiki alisimama msichana asiyemjua, anaimba vizuri tu, halafu bendi ikapumzika, na mshehereshaji akaweka albamu ya Kengele ajaze muda.

Beti mbili zikapita. Shimo likafika. Mshehereshaji akashika maiki, akaanza na mjomba wa bwana harusi.

Na kaka, aliyekuwa amekaa jukwaani anakunywa soda, akaweka chupa chini. Akachomeka waya. Akapiga. Hakumtazama mtu. Alipiga dakika tatu na nusu juu ya mjomba, juu ya shangazi, juu ya ukoo mzima wa bwana harusi, mshehereshaji anamwonyesha ishara anyamaze na yeye kainamisha kichwa. Gita likapanda, likazunguka, likaanza kushuka, na liliposhuka kabisa sauti ya Kengele ikarudi kwenye spika kumalizia, na kaka akazima gita palepale, akachukua soda yake.

Kengele alilia kwenye vitambaa vya meza, vilivyokwisha kunyooshwa. Vitatu ikabidi virudi.

Ungedhani Jumapili wangekumbatiana. Wapi. Kaka aliingia, akakaa, akamwomba mama amwambie yule nyota afungue dirisha. Kengele akafungua dirisha. Kisha akamwambia mama amwambie kaka kwamba toleo la dilaksi halitaongezwa dakika, linataka gita, na siku ni Alhamisi saa kumi. Kaka akasema, "Mwambie mimi siokotwi kuwa kiraka cha watu." Mama akasema maneno hayo yeye hayabebi, mwenye nayo ayapeleke mwenyewe. Hakuna aliyeyapeleka.

Alhamisi saa kumi kasorobo Kengele alikuwa studio, anakunjakunja leso. Saa kumi ikafika. Saa kumi na robo Prodyuza akaanza kumwambia kwa upole kwamba kwenye kompyuta yake kuna gita, si baya. Kengele akasema asiliguse. Saa kumi na nusu mlango ukafunguliwa na kiuno, kwa sababu mikono ya aliyeingia ilikuwa imebeba gita na kikuza sauti chake cha tangu enzi za matubwitubwi. Kaka akamsalimia Prodyuza, akatafuta umeme, akakaa.

Alipiga nyimbo tisa, kila moja mara moja. Hakuomba kusikilizishwa kwanza. Prodyuza hakupata hata nafasi ya kuuliza ufunguo wa wimbo, maana mtu alikuwa anauingia kama anaingia chumbani kwake. Kengele alisimama pembeni, na kila gita lilipoanza alirudi nyuma hatua mbili, ingawa hakuwa kwenye maiki. Kwa zile nyimbo tisa ndipo dilaksi ilipofia kwa washehereshaji. Nani atambulishe shangazi juu ya gita la namna ile? Waliirudisha, wakabaki na ile ya mashimo, na wanaipiga mpaka leo.

Wimbo wa kumi ni ule wa mashati. Beti mbili zikaisha, ngoma ikabaki peke yake, tuku-tuku-tuku, na kaka akaweka mkono juu ya nyuzi na kuzinyamazisha.

"Hapa sipigi," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia dada yake kwa miezi saba na ushee. Kengele akajua ndiyo basi, kaka amechoka, anaondoka.

"Hapa pana ubeti wa tatu," kaka akasema. "Uko wapi?"

Alimjibu ukweli: hakumbuki. Kwenye kikaratasi ulikuwepo, ila siku ya kurekodi aliuacha kwa sababu wao hawana ubeti wa tatu, wa tatu ni gita. Kikaratasi chenyewe kilifuliwa ndani ya mfuko wa gauni.

Kaka akakohoa. Akatazama trei za mayai ukutani, akausema, polepole, kama mtu anayekutajia namba ya simu.

"Nanyosha nguo za watu, wanakwenda na kurudi,
safari zao najua, kwa vumbi au kwa udi,
na mimi nina safari, kuifunga sina budi,
nifungulie mlango, nitatoka, nitarudi."

Prodyuza akavua hedifoni. Kengele alitafuta kiti, hakukiona, akaegemea godoro la ukutani.

"Uliukariri," akasema.

"Nilikaa nazo siku mbili. Zote kumi ninazo."

"Zote unazo, halafu ukaniambia niziweke."

Kaka alifuta nyuzi za gita kwa shati lake, waya mmoja baada ya mwingine, mpaka wa sita.

"Nilikuwa naishia kwenye 'nitatoka'," akasema. "Miaka minne. Hilo la mwisho nilidhani umeliweka lipatane na vina tu."

"Si la vina, kaka," akasema Kengele, akaenda kwenye maiki.